Dakika nne juu ya sahani nyeupe

Mwezi wa saba maabara yetu hapa Njombe huamka na nyuzi 12, kuna siku 11. Nikifika saa moja na nusu asubuhi sianzi kupima. Nawasha hita, natoa kwenye friji chupa ya antijeni, maji ya kupimia, naipanga mezani pamoja na seramu za siku hiyo, halafu nakaa na koti langu nasubiri. Wafugaji walioko nje wananiona dirishani nimekaa tu, na najua wanajiuliza kulikoni. Wametoka Uwemba na Kifanya bado giza, na nyumbani majani ya ng'ombe hayajakatwa. Lakini kipimo tunachokitegemea zaidi kwa bruselosi, ugonjwa wa kutupa mimba, kinataka joto la nyuzi 22 hivi, likipanda au kushuka lisizidi nyuzi 4. Seramu baridi kwenye antijeni baridi hushikana kwa uvivu, na uvivu huo ukifika kwenye fomu unasomeka kwamba ng'ombe ni mzima.

Ni mwaka wa kumi na mbili sasa niko kwenye kazi hii. Simu ninazopigiwa nyingi zinafanana: "Dada, nimeleta damu, mashine imesemaje?" Kwa bruselosi, hatua ya kwanza haina mashine yoyote inayosema. Kuna sahani nyeupe, kuna tone la damu lililochujwa, kuna saa ya ukutani, na kuna macho ya mtu. Leo naandika juu ya hayo macho.

Ugonjwa wenyewe wafugaji wa huku wanaujua kwa matendo yake. Ng'ombe ana mimba ya miezi saba, jana amekula vizuri, leo asubuhi unakuta ndama amelala majanini hana uhai na kondo la nyuma limekwama. Kinachowadanganya watu ni kwamba ng'ombe wengi hutupa mara moja tu. Mimba inayofuata anazaa salama, maziwa yanatoka, mwenye ng'ombe anamshukuru Mungu kwamba yamepita, kumbe vimelea bado wamo ndani ya kiwele na kwenye uzazi, na kila akizaa anavimwaga zizini. Jirani anakuja kusaidia kuvuta ndama kwa mikono mitupu. Kondo wanapewa mbwa. Baada ya wiki kadhaa mtu ndani ya nyumba anaanza homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, kiuno na magoti kuuma, na anatibiwa malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena.

Sasa njoo mezani kwangu.

Damu ikifika kwenye mirija ya kifuniko chekundu, kwanza naiinamisha taratibu kuangalia imeganda vipi. Iliyochukuliwa vizuri kwenye mshipa wa shingo, ikaachwa itulie, hutengana yenyewe: bonge jekundu chini, juu yake maji ya rangi ya majani makavu. Hayo maji ndiyo seramu. Iliyosafiri kwa bodaboda kwenye barabara ya makorongo, ikitikiswa kabla haijaganda, inafika imekuwa nyekundu yote kama sharubati ya rosela, kwa sababu chembe za damu zimepasuka. Hiyo naikataa. Bwana mifugo aliyeileta hukasirika, na namwelewa, ametembea kilomita nyingi na ng'ombe alimpiga teke. Lakini kwenye wekundu huo sitaona nilichokusudia kukiona. Siku hizi namwomba kila anayechukua damu aiache mirija imesimama kivulini kwanza, hata ikibidi alale nayo, ndipo asafiri.

Antijeni ni bakteria wa Brucella abortus waliokwisha kuuawa, wakatiwa rangi inayoitwa rozi bengali, waridi iliyokolea, wakawekwa kwenye maji ya tindikali ya pH 3.65. Tindikali hiyo haipo kwa bahati mbaya. Mwili wa ng'ombe una kingamwili za aina nyingi, na baadhi hujishikia ovyo kwa chochote kinachofanana kidogo na adui. Kwenye tindikali hizo nyingi hulegea, zinabaki zile zilizotengenezwa kwa kumjua adui mwenyewe. Fikiria kila kingamwili ina mikono miwili. Mkono mmoja unamshika bakteria huyu, wa pili unamshika yule. Zikiwa nyingi, bakteria wanafungwa mafungu mafungu, na mafungu hayo jicho linayaona bila hadubini.

Natikisa chupa ya antijeni polepole mpaka rangi iwe moja, bila kutoa povu. Kwenye sahani nadondosha mikrolita 30 za seramu, tone linalokaribia punje ya mchele, na pembeni yake tone la antijeni la kiasi hicho hicho. Nayachanganya kwa kijiti kisafi, kila sampuli na kijiti chake, hadi yawe duara la sentimita 2 hivi. Hapo nabonyeza saa. Nainua sahani kwa mikono miwili na kuiyumbisha, mbele, nyuma, upande, kama mama anayepembua mchele kwenye ungo ila kwa upole zaidi. Dakika nne.

Mwanzoni matone yote ni sawa, yametulia kama rangi ya kucha. Ng'ombe aliyejaa ugonjwa hamsubirishi mtu: kabla sekunde 30 hazijaisha duara linachanika, vipande vya waridi vinaelea kwenye maji meupe, na pembeni panajichora ukingo mwekundu. Huyo hata mgeni angemsoma. Kazi iko kwa wale wa dakika ya tatu na kitu. Duara bado linaonekana laini, unaliinamisha kuelekea dirishani, mwanga unapita ubavuni, na hapo, kama unga wa sembe uliomwagika kidogo juu ya maji, kuna punje. Punje hizo ni chanya. Kanuni haisemi "nyingi" wala "kubwa". Kushikana kokote kunakoonekana ndani ya dakika nne ni chanya, na kunakoonekana baada ya hapo si chochote.

Naisisitiza dakika ya nne kwa sababu iliwahi kunishinda.

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika maabara nyingine mkoa mwingine, nilipangiwa sampuli 32. Nilizitandaza kumi kumi. Kwenye safu ya pili nikaitwa mlangoni kusaini mzigo uliokuwa umeletwa. Nilidhani nimechukua dakika moja. Niliporudi nikaendelea kuyumbisha sahani, nikainamisha kuelekea mwanga, na namba 17 ikawa na punje pembeni. Saa ilikuwa imekwisha kulia zamani, mimi nikajiambia nimeona, nikaandika chanya. Sasa najua nilichokiona. Tone likikaa linaanza kukauka kutoka ukingoni, rangi inajikusanya, na kukauka huko kunafanana na kushikana kwa mtu asiyekuwa mwangalifu.

Utaratibu ulikuwa wazi kwamba chanya ya sahani lazima ihakikishwe kwa kipimo cha pili kabla mfugaji hajaambiwa afanye lolote. Lakini jibu lilipigwa simu siku hiyo hiyo. Mwenye ng'ombe alikuwa mzee mwenye ng'ombe wanne, na namba 17 ndiye aliyekuwa akimpa lita 9 kwa siku. Aliposikia neno "chanya" akamuuza kwa mchinjaji kwa bei ya kutupa, kabla majirani hawajajua. Wiki mbili baadaye jibu la ELISA, kile kipimo cha pili, likaja: hana kitu. Nilichukua seramu yake iliyobaki kwenye friji, nikaipasha joto la chumba, nikairudia peke yake, saa mbele yangu. Dakika nne. Laini mwanzo hadi mwisho.

Nilikwenda mwenyewe kumwambia. Niliona lazima aisikie kutoka kinywani mwangu. Alinyamaza muda mrefu, akauliza jambo moja tu: "Na hawa watatu, uliwapima vizuri?" Nikamwambia nitawapima upya kesho yake, na nikawapima, na walikuwa wazima. Tangu siku ile siweki zaidi ya sampuli tano kwenye sahani. Kila sahani ina tone la seramu ninayoijua kuwa chanya na tone la ninayoijua kuwa hasi, ili macho yangu yawe na cha kulinganisha. Mlango ninaufunga. Akija mkubwa yeyote anasubiri.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda sana, na wakulima wa maziwa wangekijua zaidi wangekidai. Ni kipimo cha pete ya maziwa. Hapa hatuhitaji kumchoma ng'ombe sindano. Unachukua maziwa mabichi, mililita 1 au 2 kwenye mrija mwembamba, unatia tone la antijeni iliyotiwa rangi ya hematoksilini, bluu inayoelekea zambarau, unageuza mrija polepole, unauacha kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa moja. Malai ya maziwa hupanda juu kama kawaida yake. Kama maziwa yana kingamwili za bruselosi, zinamshika bakteria wa bluu na kujishika kwenye matone ya mafuta, basi malai yanapanda na rangi yote. Juu pete ya bluu, chini maziwa meupe. Kama hayana, bluu inabaki imetapakaa chini na malai yanakaa meupe juu. Ukiona mara moja husahau.

Uzuri wake ni kwamba unaweza kupima ndoo ya banda zima, au maziwa ya wafugaji wa kijiji kizima kituoni, kwa shilingi chache na bila kumsumbua mnyama. Ubaya wake ni kwamba maziwa yana tabia zake. Yakigandishwa kwenye friza, yakichemshwa, yakitikiswa kwa nguvu njiani, kipimo kinaharibika. Yakiwa dang'a, au ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, au anayekaribia kukauka, pete inaweza kutokea bila bruselosi yoyote. Kwa hiyo pete ya ndoo inanielekeza banda, haijanitajia ng'ombe.

Mwezi wa saba uliopita mama mmoja alikuja na chupa ya maziwa. "Kamwene," akanisalimu, nami nikamwamkia shikamoo mama, tukakaa. Ana ng'ombe watatu wa kisasa. Mmoja, anamwita Mapambo kwa sababu ya baka jeupe usoni, alitupa mimba mwaka juzi, halafu mwaka uliofuata akazaa ndama jike salama. Mama hakuja kwa ajili ya ng'ombe hasa. Alikuwa ametibiwa homa mara nne tangu Krismasi, na mwanawe anayesoma uuguzi ndiye aliyemuuliza kwa simu: mama, maziwa mnachemsha? Akamjibu ya chai tunachemsha, ya mtindi hapana, mtindi wa maziwa yaliyochemshwa hauna ladha.

Pete ilikuwa hafifu. Bluu ya juu na bluu ya chini zilikaribiana, na nilirudia mara mbili. Nikamwomba bwana mifugo wa kata akachukue damu ya wote watatu. Namba 1 laini. Namba 3 laini. Namba 2, Mapambo, dakika ya pili ilikuwa haijaisha.

Hapo ndipo maswali yanapoanza, na ninayauliza kabla sijaandika chochote kingine. Alinunuliwa wapi? Aliwahi kuchanjwa? Chanjo ya zamani ya S19 hupewa mitamba ya miezi 3 hadi 6, na ikitolewa kwa ng'ombe mkubwa huacha kingamwili zinazoweza kusomeka chanya kwa muda mrefu bila ugonjwa. Chanjo nyingine, RB51, haina tatizo hilo kwenye sahani. Mfugaji aliyenunua ng'ombe shamba kubwa bila kadi hana namna ya kujua ipi ni ipi. Kuna hata bakteria mwingine, Yersinia enterocolitica wa aina ya O:9, ambaye gamba lake limefanana mno na la Brucella, na kingamwili zake huja kunichezea mezani. Mapambo alizaliwa pale pale kwa mama, hajawahi kuchanjwa. Seramu yake ikaenda kwenye ELISA ya ushindani, ile ambayo kingamwili za ng'ombe zinagombania nafasi na kingamwili ya maabara. Huko mambo yamegeuzwa: kisima kikikosa rangi ndipo mnyama ana ugonjwa, kwa kuwa zake zimekwisha kukalia viti. Kisima cha Mapambo kilitoka karibu cheupe.

Watu huniuliza kwa nini hatuoteshi tu bakteria wenyewe tukawaona. Kuotesha ndiko kunakomaliza ubishi, ni kweli. Unachukua kondo au maji ya tumboni mwa ndama aliyetupwa, unapanda kwenye chakula maalumu chenye dawa za kuzuia bakteria wengine, kwenye hewa iliyoongezwa kaboni dayoksaidi, unasubiri. Wanaweza kuonekana siku ya tatu au ya nne, ila huandiki "hakuna" mpaka wiki 2 hadi 3 zipite. Tatizo ni kwamba Brucella ni katika bakteria wanaoongoza duniani kwa kuambukiza wafanyakazi wa maabara. Wanaingia kwa pumzi, na wachache tu wanatosha. Chumba chetu hakina kabati la kuzuia hewa linalotosha kwa kazi hiyo, kwa hiyo sampuli za namna hiyo tunazifunga tabaka tatu na kuzipeleka penye chumba kinachostahili. Ninachoruhusiwa hapa ni kipande cha kondo kwenye kioo, nakipaka rangi nyekundu, nakiosha kwa asidi hafifu, nakipaka bluu. Chini ya hadubini Brucella hubaki vitone vyekundu vilivyosongamana ndani ya seli kwenye uwanja wa bluu. Hata hapo navaa barakoa na glavu mbili.

Nikimsimulia mtu habari hizi humtajia kisiwa cha Malta. Mwaka 1887 daktari wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alimpata bakteria huyu kwenye wengu za wanajeshi waliokufa kwa homa huko. Miaka 10 baadaye, 1897, Bernhard Bang wa Denmaki akampata ndugu yake kwa ng'ombe wanaotupa mimba. Lakini aliyegundua homa ilipitia wapi ni Mmalta mwenyewe, Themistocles Zammit, mwaka 1905, alipopima damu ya mbuzi waliokuwa wakipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa pale pale. Mbuzi wenyewe walikuwa wanene, wazima kwa kuwatazama. Jeshi lilipoacha maziwa ya mbuzi mwaka uliofuata, homa kambini ikashuka ghafla. Bruce huyo huyo ndiye aliyekuja Uganda mwaka 1903 kuchunguza malale. Kwangu shujaa wa habari hii ni Zammit, kwa sababu alikwenda kuwapima wanyama ambao hakuna aliyedhani wana tatizo.

Mama alipimwa hospitalini na akaanza dawa, aina mbili kwa wiki sita. Nilimsihi asikatishe hata homa ikiisha wiki ya pili, maana ugonjwa huu hurudi kwa wanaoacha njiani. Mtindi sasa anautengeneza kwa maziwa yaliyochemka, yakapoa hadi vuguvugu, akatia kijiko cha mtindi wa jana. Anasema ladha imerudi karibu na ile ya zamani.

Kuhusu Mapambo alilia, na mimi sikuwa na la kumwambia isipokuwa ukweli: hakuna dawa ya kumtibu ng'ombe tunayoitegemea, na akizaa tena atawaambukiza wenzake. Safari hii karatasi ilikuwa na vipimo viwili vilivyokubaliana, nikaviweka mbele yake vyote, nikamweleza kila kimoja kilifanywaje. Alimwondoa mwezi wa nane kupitia machinjio, mkaguzi wa nyama akiwa amearifiwa. Banda likasafishwa, majani ya kulalia yakachomwa. Wale wawili nimewapima tena mwezi wa kumi, sahani moja, mlango umefungwa. Laini.

Wiki iliyopita amenipigia. Yule ndama jike wa Mapambo amekuwa mtamba mzuri, ana baka lile lile usoni, na kuna mtu amemfikia bei. "Umempima mara mbili ukasema hana, mwanangu. Nimuuze au nibaki naye?"

Nilimweleza kwamba ndama wa mama mgonjwa anaweza kuubeba ugonjwa kimya, kipimo kikawa hasi miaka yote ya utoto wake, ukajitokeza siku anapozaa kwa mara ya kwanza. Nikamwomba asimuuze kwa mtu bila kumwambia hilo, na akibaki naye amtenge siku za kuzaa, asimguse bila glavu, kondo alichimbie shimo refu, na wiki tatu baada ya kuzaa aniletee damu yake.

Akanyamaza kidogo. "Basi nitabaki naye," akasema, "niandikie."

Nimeandika kwenye daftari langu, ukurasa wa mwisho: mtamba wa Mapambo, Uwemba, wiki tatu baada ya kuzaa, sahani ya peke yake.